Maji Haya Yasimwagwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ilianza jana alasiri na leo hakuna aliyegema. Maji yakishaingia kwenye vikombe vya miti ya mpira, utomvu unakuwa uji wa mgonjwa, haufai kitu. Kwa hiyo mashine kubwa zimelala na meneja ametimiza ahadi yake: ile laini ndogo ya kuchovya glavu ni yangu mpaka mvua ziishe.

"Zikiisha, mama maabara, naitaka laini yangu. Sitaki kusikia bado kidogo."

Nimemwambia asinitishe, nimeanza kazi hapa yeye bado anavaa kaptula ya shule. Akacheka. Hana ubaya, ni meneja tu.

Niandike kwa nini naitaka hiyo laini, maana nimefungua daftari hili nisije nikajidanganya baadaye. Mdogo wangu ni mkunga. Ana miaka kumi na minne wodi ya uzazi, na tangu mwaka juzi glavu zinamkataa. Kwanza mikono ilimwasha. Kisha ikawa inavimba. Sasa akivaa glavu ya mpira kwa dakika kumi, macho yanaziba na kifua kinabana. Si mpira wenyewe unaomdhuru, ni protini za mti zilizobaki ndani ya mpira. Glavu za aina nyingine hospitalini kwao huja kwa msimu kama maembe, wiki mbili zimekwisha. Na hizo zinazomuumiza tunazitengeneza sisi. Mimi ndiye ninayezipima na kuzitia sahihi. Hilo linanikera kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi

Mnara umesimama. Jina kubwa, kitu chenyewe ni bomba la kioo la urefu wangu, limejaa punje nyeupe zinazofanana na sago. Juu ya kila punje kimefungwa kimeng'enya kinachokula protini. Utomvu wa akiba, uliogemwa kabla ya mvua, unapita katikati ya punje, protini zinakatwakatwa vipande vidogo, na vipande hivyo baadaye vinaondoka na maji ya suuza.

Jioni mama aliniuliza kwa nini nisikimwage tu hicho kimeng'enya ndani ya pipa nikakoroga, yakaisha. Mama ana miaka sabini na minane, anauliza maswali kuliko wakaguzi.

"Kwa sababu nacho ni protini, mama. Nikikimwaga ndani kitabaki kwenye glavu. Nitakuwa nimemtoa mwizi mmoja nikamwingiza mwingine. Halafu kitatumika mara moja tu, kwisha."

"Kwa hiyo umekifunga."

"Nimekifunga. Kama mbwa wa getini. Mgeni akipita anang'atwa, lakini mbwa mwenyewe haingii sebuleni. Na kesho yupo pale pale."

Mdogo wangu alikuwa anapaka mikono mafuta. Akasema, "Mimi sijali ya mbwa, dada. Niambie lini." Nikamwambia kabla mvua hazijaisha. Mdomo huu!

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Kufua hakuna.

Jumatano, 12 Machi

Aibu. Saa nne asubuhi utomvu ulikuwa unapita vizuri. Saa tano ukapungua, unadondoka. Saa tano na robo mnara ukaziba kabisa. Tumefungua kifuniko tukakuta jibini. Bonge moja la mpira kuanzia juu hadi chini, na punje zangu zimenaswa ndani yake kama zabibu kwenye mkate.

Na nani aliyekuja kuangalia? Mzee Tone, msimamizi wa kuchovya. Jina lake tumelisahau wote. Tunamwita hivyo kwa sababu haruhusu hata tone la maji lipotee. Bomba likivuja anakinga ndoo, ukinawa mikono anasimama nyuma yako anakuhesabia. Ni mtu wa miaka sitini na kidogo, mkaidi, hasemi mengi, na hayo machache akiyasema unatamani angenyamaza.

Alilitazama lile bonge akanipa pole. Kisha akasema, "Limetoka zuri. Ungeweza kukata kandambili." Vijana wa zamu wakageuka ukutani wasinicheke usoni.

Nusu ya punje zimekwenda na maji. Nimebakiwa na za kujaza mnara mara moja tu.

Alhamisi, 13 Machi

Sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nikamkuta Mzee Tone mlangoni kwa maabara, kofia mkononi.

"Mama maabara, unauvua utomvu nguo halafu unashangaa unatetemeka."

Nikamwambia aseme Kiswahili.

"Zile protini ndizo zinazofanya matone yasishikane. Wewe unaziondoa. Lazima yashikane. Kule kwetu utomvu ukianza kuogopa tunaupa sabuni. Tena kabla, si baada. Na sijui kwa nini unaumwagia juu. Usukume kutoka chini, polepole, punje zipate kucheza. Ukimwaga juu unazikandamiza."

Miaka ishirini na mitano nasoma vitabu, na jibu linakuja na kofia mkononi. Nilimwambia nitafikiria. Alipoondoka tu nikageuza mabomba.

Jumatatu, 17 Machi

Sabuni kabla. Utomvu umeongezwa maji. Kutoka chini kwenda juu. Saa sita mfululizo, haujaziba.

Jumanne, 18 Machi

Saa sita nyingine. Sisemi kitu.

Ijumaa, 21 Machi

Kumi na nane!

Niandike vizuri. Tunapima kwa rangi: sampuli ikiwa na protini nyingi, kimiminika kinageuka buluu, na mashine inaisoma hiyo buluu na kutoa namba. Mpira wetu wa kawaida unatoa mia mbili na kumi. Ninautaka chini ya thelathini. Leo nimemwaga utomvu wa mnara kwenye kioo, nikaukausha, nikausuuza kwa maji ya bomba la maabara, nikapima. Kumi na nane. Nikarudia, kumi na tisa. Mara ya tatu kumi na nane. Buluu yenyewe huioni mpaka uweke karatasi nyeupe nyuma. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nimewaambia vijana, na nikawaruhusu watoke mapema.

Nikaenda nyumbani nikitembea kama bibi harusi, nikamkuta mdogo wangu ameketi na barua. Matroni wake ameandika kwa upole. Mvua zikiisha, mwezi wa tano, atahamishiwa chumba cha mafaili. Mkunga asiyeweza kuvaa glavu hawezi kubaki wodini, na kila mtu anajua hivyo.

"Mafaili," akasema. "Dada, mimi nitaongea na mafaili?"

Mama akamwambia mafaili hayapigi kelele, atapumzika. Mdogo wangu akaenda kusimama dirishani. Nikamwambia namba yangu. Akageuka, na uso ule sijauona tangu alipofaulu mtihani wake wa ukunga.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme umekatika saa tatu hadi saa tisa. Nimezungusha pampu kwa mkono. Bega.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya kutisha. Mitaro ya kiwanda imefurika, maji yanapita ukumbini hadi kwenye vifundo vya miguu. Mzee Tone bado anakinga ndoo chini ya bomba linalovuja. Nimemuuliza kama anataka na mtaro nao aukinge. Amesema, "Kazi ni kazi."

Jumatano, 2 Aprili

Glavu za kwanza zimetoka. Mikono ya kauri, zile kalibu za glavu, imeingia kwenye utomvu wangu, ikatoka, ikapita kwenye tangi la suuza, ikaingia tanuri, na mwisho wa laini vijana wakazivua. Nyepesi, zinang'aa kidogo, hazina ile harufu kali. Za upasuaji, saizi sita na nusu, saizi ya mdogo wangu. Hiyo saizi niliichagua mimi na sikumwambia meneja sababu.

Nilitakiwa kuzipima kwanza. Lakini nilishapima mpira wenyewe mara tatu. Jioni nyumbani nilimkuta mdogo wangu, mwenye zamu ya kesho asubuhi, amekaa mezani anakula bila hamu. Nikatoa jozi moja mkobani, kwenye mfuko safi, nikaiweka karibu na sahani yake.

"Zimeshapimwa?" akauliza.

Nikasema, "Zimepimwa."

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika haya nikiwa nimekaa korido ya hospitali, kwenye benchi, saa nane mchana. Nitaandika kila kitu kilivyokuwa.

Saa nne na nusu simu ya maabara ililia. Sauti ya mwanamke nisiyemjua: "Wewe ni dada yake? Njoo." Akakata. Sikuvua hata koti jeupe. Meneja alinipeleka kwa gari lake na njia nzima hakuniuliza swali, nami namshukuru kwa hilo.

Wamenieleza mambo yalivyokuwa. Kulikuwa na mama wa mimba ya kwanza, karibu kabisa kujifungua. Mdogo wangu akavaa zile glavu. Mwenzake akamuuliza kama ana wazimu, akajibu, "Hizi katengeneza dada yangu." Alisema hivyo mbele ya wodi nzima. Dakika tano, sawa. Dakika kumi, akaanza kujikuna mdomo kwa bega. Kisha macho yakaziba na sauti ikakatika. Mwenzake alimsukuma pembeni akampokea mtoto yeye, huku mdogo wangu ameanguka magoti chini ya kitanda cha mzazi anatafuta pumzi. Yule mzazi wa watu, pamoja na uchungu wake wote, ndiye aliyepiga kelele wamsaidie mkunga.

Wamemchoma sindano mbili. Nilipoingia alikuwa na barakoa ya hewa, na uso wake si uso. Mikono imevimba hadi kwenye viwiko, pete imekatwa kwa mkasi. Nikamshika mguu kwa sababu sikuona mahali pengine pa kushika. Alinitazama kwa lile jicho moja lililoachia kidogo.  Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja miaka kumi na miwili, najua alichokuwa ananiambia. Ulisema zimepimwa.

Daktari ni mwanamke mfupi, anaongea taratibu. Aliniita nje.

"Wewe ni mtaalamu. Glavu hii, hii aliyovaa, uliipima?"

"Nilipima mpira."

"Nimekuuliza glavu."

Nikasema hapana. Akaandika kwenye karatasi yake. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Ijumaa, 4 Aprili

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Hasemi nami. Mama anapitisha maneno katikati yetu kama posta: "Dada yako anauliza utakunywa chai." "Mwambie nishakunywa."

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Posta ya mama inaendelea.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepima jozi nne za glavu zilizobaki. Mia na arobaini. Mia na thelathini na tano. Mia na arobaini na mbili. Ya nne sikuiandika, ilifanana.

Mpira uleule! Kwenye kioo changu kumi na nane, kwenye glavu mia na arobaini. Kwa hiyo mnara haujakosea. Kuna mtu kati ya mnara na tanuri anayezirudisha protini ndani, na kati ya mnara na tanuri kuna mtu mmoja tu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye tangi la suuza, nikachota kikombe, nikakipima. Buluu kama wino. Mzee Tone anatumia maji yaleyale! Glavu za kawaida zilisuuzwa humo mpaka siku mvua zilipoanza, zikaacha protini zake, na hayajabadilishwa. Glavu zangu zinaingia humo humo, mpira ukiwa bado mbichi, zinazinyonya zote. Ni sawa na kumwogesha mtoto kwenye maji ya vyombo. Na nje, Mungu wangu, nje maji yanapita mtaroni mchana kutwa!

Nilimkuta anafunga bomba. Nikamwambia maneno. Nilimwambia ubahili wake nusura umuue mdogo wangu. Nilimwambia hilo jina hatukumpa bure. Vijana walikuwepo. Alinisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi, akasema, "Pole kwa mgonjwa, mama," akaendelea na bomba.

Nimemwandikia meneja barua ya kurasa mbili. Meneja amesema kuanzia Jumatatu Mzee Tone ataondolewa kuchovya, apelekwe uwanjani kwenye mapipa, mpaka astaafu. Nikasema sawa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia mama ni kosa la Mzee Tone. Aliuliza kwa sauti, ili mdogo wangu asikie chumbani, "Kwani yeye ndiye aliyesema zimepimwa?"

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda kumwaga lile tangi mwenyewe. Saa moja asubuhi, kabla ya zamu. Nilitaka kuona chini yake kuna uchafu gani.

Koki ya kumwagia iko nyuma, upande wa ukutani, lazima upige magoti. Nikapiga magoti. Juu ya koki imebandikwa karatasi, imefunikwa kwa nailoni, imekuwa rangi ya chai. Ukutani kule kuna karatasi nyingi, hakuna anayezisoma. Nikaisoma hii kwa sababu ilikuwa inchi nne kutoka puani.

MAJI HAYA YASIMWAGWE. YATUMIKE TENA MPAKA NITAKAPOSEMA. ASIONDOE MTU KARATASI HII ILA MIMI.

Chini yake sahihi. Sahihi yangu. Mwandiko wangu, na zile herufi A ninazoziandika kama hema. Tarehe ya miaka miwili na nusu iliyopita, mwaka wa ukame, bwawa la kiwanda lilipobaki tope. Nikakumbuka kila kitu. Nilikuja na gundi yangu mwenyewe. Nikamwita msimamizi wa kuchovya, nikamwambia mbele ya vijana wake kwamba tone moja likipotea nitamuuliza yeye. Kabla ya siku ile hakuwa Mzee Tone. Jina hilo nilimpa mimi.

Ukame ukaisha. Mvua ikanyesha misimu mitano, na mimi nikapita hapa kila siku na daftari langu. Nyani haoni kundule.

Nilikaa chini, magoti yameloa, na nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikulia hospitalini, nikalia pale nyuma ya tangi kama mtoto aliyevunja chungu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa meneja na karatasi ndani ya nailoni yake. Nikaiweka juu ya ile barua yangu ya kurasa mbili. Aliisoma, akaniangalia, akasoma tena. "Kwa hiyo?" akasema. Nikamwambia kwa hiyo Mzee Tone anabaki kuchovya, na mtu wa kupelekwa kwenye mapipa ni mimi. Akasema kwenye mapipa nitamtia hasara, niende nikamwombe mzee radhi.

Nilimwomba radhi mahali palepale nilipomtukania, vijana wakiwepo. Sijui kuomba radhi, nilianza vibaya, nikaeleza mambo ya protini. Akaninyanyulia mkono.

"Mama maabara. Niliiona karatasi siku ile uliponifokea. Nilikuwa nimesimama mbele yake."

"Kwa nini hukunionyesha, mzee?"

"Ulikuwa unamlilia mdogo wako. Mtu akiwa na msiba humwonyeshi karatasi." Akavaa kofia. "Lakini uliandika asiondoe mtu ila wewe. Sasa umeiondoa. Tumwage?"

Tukamwaga. Mimi ndiye niliyefungua koki. Yalitoka ya rangi ya chai, yakakutana na ya mvua mtaroni, na Mzee Tone akayaangalia yakienda kwa uso wa mtu anayesindikiza mgeni aliyekaa mno.

Jumanne, 15 Aprili

Maji mapya ya moto, yanaingia upande huu yanatokea upande ule, hayarudi. Glavu, si kioo: ishirini na mbili. Jozi kumi, nimepima zote kumi. Kubwa kuliko zote ishirini na sita.

Sikuruhusu mtu kutoka mapema.

Jumatano, 23 Aprili

Mara ya tisa kupitisha utomvu kwenye punje zilezile na bado zinakula. Ishirini na nne. Mbwa hajachoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua zinapungua, zinakuja jioni tu. Wagema wameanza kunoa visu.

Leo nimemwambia mdogo wangu. Nimekuwa nikiahirisha wiki mbili na nusu, kila siku na sababu yake. Alikuwa uani anaanua nguo. Mikono imepona, ngozi imebaki kama karatasi. Nikamwambia yote: kwamba sikupima glavu, kwamba nilisema zimepimwa kwa sababu nilitaka kuuona tena ule uso wake wa furaha, kwamba nilimsingizia mzee wa watu, na kwamba karatasi ilikuwa yangu. Nilimpa aisome.

Aliisoma imelazwa juu ya shuka. 

"Unajua wodini huwa tunawaambia nini wazazi wanaoona haya?" akasema.

"Mficha uchi hazai."

"Basi leo umezaa, dada. Umechelewa, lakini umezaa." Kisha akanitupia upande wa pili wa shuka, tukalikunja.

Sikumtajia glavu mpya. Nilifika nazo hadi mlangoni, mkobani, nikarudi nazo.

Ijumaa, 2 Mei

Meneja: "Mvua zimeisha, mama." Nimemwonyesha namba zote. Amesema namba ameziona na mwezi wa tatu pia. Daktari akiandika kwamba mkono wa yule mkunga umezikubali, mnara unabaki na laini inabaki. La sivyo, Jumatatu ya tarehe kumi na mbili mnara unarudi stoo. Nimemwambia siwezi kumwomba mdogo wangu kitu kama hicho. Akasema hajaniambia nimwombe.

Jumapili, 4 Mei

Mama ameniharibia. Katikati ya chakula: "Dada yako ana glavu mkobani wiki nzima, anazunguka nazo kama mganga." Mdogo wangu akaweka kijiko chini.

"Zimepimwa?"

"Hizi zimepimwa. Jozi hii hii nimeikata kipande kwenye pindo. Ishirini na moja. Lakini namba ni namba, ngozi ni yako. Ukikataa, sitakuuliza tena maisha."

Akaendelea kula. Alipomaliza akasema matroni anamtaka chumba cha mafaili Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, kwa hiyo Ijumaa twende kwa daktari.

Ijumaa, 9 Mei

Kumekucha kukavu. Nimechukua glavu moja tu, ya kulia. Ya kushoto nimeiacha kwenye droo ya maabara. Nilijiambia mkono mmoja unatosha kwa kipimo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona nikichukua zote mbili nitakuwa nimejivuna tena.

Chumba cha daktari kina kitanda, meza na dirisha linalotazama wodi ya uzazi. Daktari aliandaa sindano mbili kwenye trei na barakoa ya hewa kando. Hakutabasamu. Kwanza alikata kipande kutoka pindoni, akakilowesha, akakiweka juu ya ngozi ya mkono. Dakika kumi na tano. Alipokiondoa, ngozi ilikuwa vilevile. Kisha kidole kimoja ndani ya glavu. Dakika kumi na tano. Kilitoka kilivyoingia.

"Sasa mkono mzima," daktari akasema. "Au tuishie hapa. Hakuna atakayekulaumu."

Mdogo wangu akaninyooshea mkono wa kulia. "Nivalishe wewe."

Nikamvalisha. Kidole kwa kidole, mpaka kifundoni. Ilimkaa vizuri. Daktari akaanza saa.

 Dakika ya tano nilikuwa naangalia mdomo wake, naye akaniambia niache kumtazama kama samaki sokoni. Dakika ya kumi, dakika ileile iliyomwangusha mwezi wa nne, akavuta pumzi ndefu, nami nikasimama. "Nimepumua tu, dada. Kaa." Nikakaa. Dakika ya kumi na tano mtoto alilia wodini kwa mara ya kwanza. Sote watatu tuligeukia dirisha, na mdogo wangu, bila kujua, alikuwa ameanza kukunja na kukunjua vidole ndani ya glavu.

Dakika ya ishirini. Dakika ya thelathini. Daktari akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, akamwangalia macho na koo. Akaivua glavu mwenyewe. Mkono ulikuwa mkono. Akaketi akaanza kuandika, na akaandika mistari mitatu mizima kabla hajasema, "Sioni kitu."

Mdogo wangu aliugeuza mkono ule, nyuma na mbele, akautazama kwa muda mrefu. Nilimngoja alie, maana mimi nilishaanza. Akainua macho, akaniangalia mimi, kisha mkoba wangu, kisha mimi tena.

"Na ya kushoto iko wapi?"